Mlango wa gari umevunjwa mara mbili: anza na tundu la ufunguo, king'ora kitafuata

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Tabata, naendesha Toyota Spacio ya mwaka 2003. Ndani ya miezi mitano mlango wa dereva umevunjwa mara mbili, gari likiwa nje ya geti usiku. Mara ya kwanza walichukua redio na mkoba wangu. Fundi akaniwekea kitasa kingine, ndiyo maana sasa natembea na funguo mbili, mmoja wa mlango na mmoja wa kuwashia. Mara ya pili wamepitia palepale, wameng'oa swichi za vioo. Majirani wanasema nizibe kabisa tundu la ufunguo nibaki na rimoti, halafu nifunge alamu yenye king'ora kikubwa. Mume wangu anasema tuliuze, tununue la kuwasha kwa kubonyeza kitufe, lisilochomekwa ufunguo. Nishike lipi?

Jibu: Mwalimu, pole sana. Kuvunjiwa mara moja kunauma. Mara ya pili mtu anaanza kuamka saa nane za usiku kuchungulia dirishani kila mbwa akibweka. Katika maelezo yako kuna maneno niliyoyarudia mara tatu: "akaniwekea kitasa kingine." Hapo ndipo penye tatizo lako, na hapo ndipo nitakaa zaidi. Ya majirani na ya mumeo nitayajibu pia, lakini yasubiri kidogo.

Hicho kitasa kingine kilitoka wapi? Kwa kuwa umebaki na funguo mbili, nadhani ni cha mtumba, kimechomolewa kwenye gari lililokatwa kuwa spea, tena gari la rika la lako. Maana yake ulitoa silinda, yaani kile kipande chenye tundu la ufunguo, iliyochoka kwa miaka ishirini, ukaweka nyingine iliyochoka kwa miaka hiyohiyo. Aliyekuja mara ya pili hakukuta kazi ngumu kuliko ya kwanza. Huenda ilikuwa rahisi zaidi.

Mezani kwangu hapa ninapoandika ipo silinda ya mlango wa Toyota ya umri kama wa gari lako, nimeitoa kwa mteja wiki iliyopita. Ukubwa wake ni kama kidole gumba. Nikichomoa kile kiini kinachozunguka, nakuta vibapa vya shaba vyembamba kama ukucha vimepangana kama slesi za mkate, kila kimoja kinasukumwa na springi ndogo kama punje ya mchele. Ufunguo usipokuwemo, springi zinavisukuma vibapa vitokeze pembeni na kuingia kwenye mfereji wa ganda la nje, kiini kikagoma kuzunguka. Ufunguo wenyewe ukiingia, meno yake yanavipandisha na kuvishusha mpaka vyote vinalingana na kiini, ndipo kinageuka. Ulinzi wote wa mlango wako ni huo: shaba nyembamba ndani ya ganda laini la aloi ya zinki. Kwenye hii ya mezani vibapa viwili vya mbele vimepinda, cha tatu kimelika pembe hadi kimekuwa mviringo, na springi moja imekatika kwa kutu. Aliyeivunja hakuhitaji ufundi wowote. Alihitaji kitu cha chuma, nguvu za mkono, na sekunde chache ambazo hakuna anayemtazama.

Mambo matatu ndiyo yanayoifikisha silinda kwenye hali hii. La kwanza ni ufunguo wenyewe. Gari lilikuja na ufunguo mmoja, nao tayari umelika. Ukapotea au ukapinda, ukaenda kuchongesha mwingine, na mashine ikanakili meno yalivyo, pamoja na ulaji wake. Baada ya nakala mbili tatu unafungua mlango kwa kitu kinachofanana tu na ufunguo, na kila siku kinavisaga vibapa vivyo hivyo. La pili ni hewa yetu ya pwani. Chumvi na vumbi vikikutana kwenye springi ndogo namna ile, inakwama au inakatika. La tatu ni oili. Kitasa kikianza kugoma, watu wanatia oili ya injini au grisi. Siku mbili kinalainika kweli, kisha ile oili inakamata vumbi na kuwa tope, vibapa vinaganda mahali vilipo. Kibapa kilichoganda hakizuii chochote.

Unaweza kupima mwenyewe leo. Ingiza ufunguo wa mlango, ugeuze nusu, kisha jaribu kuuchomoa hapohapo. Kitasa kizima hakikubali, maana vibapa vinaushika mpaka uurudishe ulipoingilia. Kikiuachia, kimekwisha. Fanya hivyohivyo kwenye swichi ya kuwashia, ukiwa umesimama na breki ya mkono imevutwa. Nina sababu ya kukuomba upime na swichi: ilikuwa ikitumia ufunguo mmoja na kile kitasa cha kwanza kilichovunjwa, kwa hiyo vimezeeka pamoja. Mlango ukifunguka na swichi nayo ikawa inakubali kila kinachoingizwa, safari ijayo utapoteza gari lenyewe.

Sasa dawa. Nakushauri utafute seti mpya ya vitasa: silinda ya swichi, za milango na ya buti kama lako linayo, zote zikitumia ufunguo mmoja. Kwenye maduka ya spea pale Gerezani na Kariakoo zinapatikana kwa Toyota nyingi za rika lako. Ukienda, beba silinda ya zamani mkononi, usiende na jina la gari tu, kwa sababu mkia wa nyuma unaoshika kile chuma chembamba kinachokwenda kwenye loki hutofautiana hata kwa magari yanayofanana kwa sura. Seti ikikosekana, au ikizidi uwezo wako mwezi huu, ipo njia ya pili ambayo mafundi wengi hawapendi kuifanya kwa kuwa inakula muda: kupanga upya vibapa. Silinda inafunguliwa, vibapa vilivyolika vinatupwa, vinawekwa vizima kwa mpangilio unaoendana na ufunguo wako wa kuwashia. Saa mbili za kazi ya mezani, na unarudi kwenye ufunguo mmoja. Fundi akikwambia haiwezekani, tafuta mwingine.

Ufunguo nao uchongwe kwa namba yake ya msimbo, usinakiliwe kutoka kwenye ule uliolika. Magari mengi yaliyotoka Japani yalikuja na kijibati kidogo cha aluminiamu kwenye pete ya ufunguo, kimegongwa tarakimu. Watu wanadhani ni urembo. Hiyo ndiyo namba ya kuchongea ufunguo wa gari lako, na mwenye namba hiyo hahitaji kuuona ufunguo. Kama bado kinaning'inia hapo, kitoe leo ukakiweke ndani na vyeti vyako. Kwa Toyota nyingi za zamani namba hiyo imegongwa pia kwenye silinda ya mlango wa abiria, kwa hiyo kama kijibati kilishapotea, fundi anaweza kuisoma pale akifungua kava la ndani. Ukinunua seti mpya, namba ya zamani haina kazi tena. Tunza mpya.

Silinda mpya peke yake haitoshi kwa mlango ulioshambuliwa mara mbili, kwa sababu bati lenyewe limeshachoka. Silinda imeshikwa kwenye mlango kwa klipu moja ya chuma yenye umbo la U, na bati la pale limekuwa kama kopo, hasa likishapindwa na kunyooshwa kwa nyundo. Mwizi akishindwa kuzungusha, anaisukuma silinda yote iingie ndani. Dawa yake ni bamba. Mwambie fundi akate chuma cha milimita 2, ukubwa wa kiganja, akitoboe tundu linalolingana na silinda, alipake rangi ya kuzuia kutu, kisha alifunge kwa nati upande wa ndani wa mlango, nyuma ya silinda, lipande hadi chini ya mkono wa mlango. Nguvu inayopigwa kwenye tundu inasambaa kwenye bamba lote. Bamba hilohilo lishuke kidogo kufunika vile vyuma vyembamba vinavyounganisha silinda na loki, ili hata mtu akipenyeza kitu kwenye mpira wa kioo asipate cha kuvuta. Wenye Hiace za mizigo wamekuwa wakifanya hivi siku nyingi. Kwa gari dogo ni kazi ileile, chuma kidogo zaidi.

Hapa simama karibu na fundi, tafadhali. Kabla hajarudisha kava, ashushe kioo mpaka chini na kukipandisha mara tatu, kuhakikisha bamba haligusi kioo wala waya. Na ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava irudishwe kwa gundi, isichanwe na kuachwa. Maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila inaponyesha na kutokea chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye spika, kwenye swichi za vioo na kwenye kapeti. Nimeona milango iliyopona wizi ikaharibiwa na kazi iliyolipuliwa.

Baada ya hapo, matunzo ni madogo. Chukua penseli laini, 2B ikipatikana, na kwa mwalimu haikosekani. Ichore kwenye meno ya ufunguo pande zote mpaka yawe meusi, ingiza kwenye tundu, chomoa, rudia mara kumi. Risasi ya penseli ni grafaiti, inalainisha bila kukamata vumbi. Kwa hali ya hewa ya Dar fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu. Oili usitie tena.

Nije kwa majirani zako. Wanaokwambia uzibe tundu wana hoja: palipo na bati tupu hapana pa kuingiza kitu. Lakini mwaka juzi nilipigiwa simu saa nne usiku na mteja aliyekwama Segera akitoka Tanga na watoto. Gereji moja ilikuwa imemzibia tundu la dereva. Wamesimama kula, taa za mbele zimeachwa zinawaka, betri ikaisha. Rimoti haina wa kuongea naye. Bonneti inafunguliwa kwa mkono ulio ndani. Tundu la abiria lilikuwepo, ila halikuwahi kuguswa tangu gari lishuke bandarini, likawa limeganda kwa kutu. Walivunja kioo kidogo cha nyuma kwa jiwe, mbele ya watoto. Kwa hiyo jibu langu ni hili: usizibe tundu la dereva mpaka uwe na tundu jingine linalofanya kazi, la abiria au la buti, na uwe unalizungusha walau mara moja kwa mwezi. Kwa gari lako, ukishaweka silinda mpya na bamba, sioni haja ya kuziba.

Kuhusu rimoti, kuna jambo dogo linaloumiza watu wengi. Mtu anashuka kwenye maegesho, anabonyeza huku anaondoka, hageuki. Rimoti inatuma mawimbi ya redio, na mtu mwenye kifaa kingine kinachorusha mawimbi kwenye masafa hayohayo akikibonyeza wakati uleule, gari halisikii amri yako. Linabaki wazi, na hakuna kitasa kitakachovunjwa kwa kuwa hakuna kilichofungwa. Sikiliza mlio wa loki, kisha vuta mkono wa mlango kwa kidole. Mara mbili, mlango wako na wa nyuma. Ifanye iwe desturi kama kufunga geti.

King'ora ni kizuri, ila angalia kinavyofungwa. Alamu nyingi ninazoziona zimewekewa king'ora mbele karibu na shoo, waya unaning'inia, mtu anaukata kwa kupitisha mkono chini ya bampa kabla hata hajagusa mlango. Omba king'ora chenye betri yake ndani, kinachopiga kelele kikikatiwa umeme, na kifungwe juu nyuma ya injini, waya ukipita ndani ya mpira. Dai swichi ya bonneti, king'ora kilie bonneti ikifunguliwa. Na ile sensa ya mtikisiko isirekebishwe kuwa kali mno, maana ikilia kila bodaboda ikipita, wiki ya pili mtaa mzima umezoea na wewe mwenyewe umeizima. Nunua alamu baada ya silinda na bamba, na kama fedha hazitoshi vyote, iache alamu kwanza. Pamoja nayo ningeongeza swichi ya siri ya pampu ya mafuta, inayofungwa kwa rilei na fyuzi yake, mahali unapopajua wewe na mumeo tu. Spacio nyingi za kutoka Japani hazina chipu kwenye ufunguo, yaani gari halimtambui anayeliwasha. Huko Marekani, mwaka 2022, wizi wa magari ya Kia na Hyundai yaliyotengenezwa kati ya 2011 na 2021 ulilipuka kwa sababu hiyohiyo: mengi yalikuwa ya kuwashwa kwa ufunguo na hayakuwekewa kifaa cha kutambua chipu, vijana wakaonyeshana kwenye video namna ya kuyawasha.

Ndiyo maana la mumeo nalijibu kwa tahadhari. Gari la kubonyeza lina chipu, na hilo ni jema. Lakini halikuondoi kwenye kundi la wanaoibiwa. Ufunguo wake unaongea na gari wenyewe, bila wewe kubonyeza. Wezi wawili, mmoja amesimama karibu na ukuta wa chumba chako na mwingine karibu na mlango wa gari, wanaweza kuyarefusha mazungumzo hayo kwa vifaa vyao, gari likadhani umelikaribia. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich huko Uswisi waliyajaribu magari ya aina 10 yenye mfumo huo, yote yakadanganyika. Na mwaka 2022 mjini London, mtaalamu wa usalama wa magari aliibiwa Toyota RAV4 yake kwa njia nyingine kabisa: wezi walifungua upande wa bampa, wakafikia waya za taa ya mbele, wakaingiza amri za uongo kwenye mfumo wa gari. Mkinunua la namna hiyo, funguo zote mbili zilale ndani ya kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, mbali na dirisha na ukuta wa nje, na usukani mfunge kwa kufuli lake. Kwa sasa mngeuza gari zima kwa ajili ya silinda moja. Mimi nisingeliuza.

Kuhusu kuegesha: tundu liko upande wa kulia. Geuza gari usiku mlango huo uangalie taa na dirisha lenu, usiangalie ukuta wala uchochoro. Mtu akisimama pale aonekane mgongo mzima. Ndani pasibaki kitu, hata mfuko wa madaftari, kwa sababu anayechungulia kwa tochi ya simu hajui ni madaftari. Kadi halisi ya gari ikae nyumbani, garini ibaki nakala. Vioo vya pembeni, taa na hizo swichi mpya chora namba ya gari. Kitu kilichochorwa kinamtia wasiwasi mnunuzi, na aliyekuja kutafuta cha kuuza asubuhi analijua hilo.

Bado anaweza kuvunja kioo, ni kweli. Kioo kina kelele, na wengi wanaochagua tundu la ufunguo wanaikimbia kelele hiyo. Ukitaka, kuna filamu nene isiyo na rangi inayobandikwa ndani ya kioo, kinapasuka bila kumwagika, mtu inambidi apige tena na tena. Si ya lazima kwako mwezi huu.

Mwisho, ule mkoba wa mara ya kwanza. Hukusema kulikuwa na nini ndani. Kama ulikuwa na ufunguo wa akiba wa gari au wa nyumba, au karatasi yoyote yenye anwani yenu, badilisha kitasa cha mlango wa nyumba kabla ya cha gari. Kama hukuchukua RB polisi (namba ya taarifa uliyoandikisha) kwa matukio yote mawili, nenda sasa ukiwa na picha za mlango kabla haujanyooshwa. Bima ya mtu wa tatu haitakulipa kwa wizi, lakini kama mna bima kubwa watakuuliza hiyo RB kabla ya salamu.

Nenda kwa fundi Jumamosi asubuhi, usimwachie gari ukaondoka, na ukimpa ufunguo mpe wa gari peke yake, wa nyumba utoe kwenye pete. Silinda aliyoitoa aifungue mbele yako. Tazama vile vibapa kwa macho yako, kisha ondoka na ile silinda mbovu mkononi uende nayo dukani.